Siku moja ya mwalimu wa Kiingereza: neno "irony" limenila vipindi viwili

Saa 11:20 alfajiri. Umeme hakuna, naandika andalio la somo kwa tochi ya simu. Nafundisha kidato cha tatu katika shule ya kata, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na wiki hii tumo katika tamthilia ya Wole Soyinka, The Lion and the Jewel. Vitabu saba, wanafunzi 58. Maneno ya leo ni manne: setting, character, theme, irony. Nimejipa dakika 80. Mate ya fisi hayo.

Saa 1:10 asubuhi. Paredi. Mwalimu wa zamu anawakumbusha watoto kwamba Kiswahili ni marufuku mpaka kengele ya mwisho. Anawakumbusha kwa Kiswahili.

Saa 2:00. "Good morning, teacher" inaimbwa kama kwaya, tunaketi. Nauliza setting. Mikono kumi juu: ni kijijini, Ilujinle, nchini Nigeria. Sawa, na wakati je? Kimya. Tamthilia yenyewe imegawanywa Asubuhi, Mchana na Usiku, imeandikwa wazi kitabuni, lakini kwao setting ni mandhari, na mandhari ni mahali. Nusu ya neno imebaki kwenye tafsiri.

Kwenye character ndiyo usiseme. Binti mmoja wa dawati la mbele, mchapakazi kweli, anasimama na kutangaza kuwa Sidi hana "character". Nastuka: Sidi ndiye anayegombewa mchezo mzima na Lakunle, mwalimu wa kijiji, na Baroka, chifu mzee, atakosaje kuwa mhusika? Kumbe anamaanisha hana tabia njema. Sikumlaumu. Waingereza wenyewe wametumia neno moja kwa mhusika na kwa tabia yake, halafu sisi ndio tunapigwa kalamu nyekundu.

Halafu irony. Daftari zote zimeandika "kejeli", kama walivyofundishwa, na wala si kosa. Shida ni kwamba mtaani kejeli ni kumdhihaki mtu. Kwa hiyo nilipoomba mfano, nikaletewa kila mahali Sidi anapomcheka Lakunle. Mara matusi, mara masimango, irony yenyewe haionekani.

Nikamwambia monita afunge mlango. Nikageukia Kiswahili.

"Sidi anaenda kwa mzee Baroka kufanya nini?"

"Kumcheka, mwalimu. Kasikia nguvu zimemwisha."

"Nani kamwambia?"

"Sadiku, mke mkubwa."

"Na Sadiku kaambiwa na nani?"

Hapo darasa likatulia. Baroka mwenyewe ndiye aliyemnong'oneza mkewe uongo ule, akijua fika hautakaa mdomoni. Aliyekwenda kucheka ndiye anayenaswa. Kijana wa nyuma kabisa, ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake, akasema taratibu: "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Nikamwambia hiyo ndiyo irony, kaandike. Dakika nne tu, mlango ukiwa umefungwa. Dakika 30 za mwanzo nilikuwa nahangaika na fasili ya Kiingereza ubaoni.

Theme, yaani dhamira, haikufikiwa. Muda uliobaki tulisoma pale Lakunle anapoilaani mahari kwa msururu wa maneno mazito ya Kiingereza, mpaka Sidi anamuuliza kama mfuko umeisha. Lakunle anajibu kwamba ana kamusi fupi tu, ile ndefu ameagiza. Darasa likacheka, likacheka kupita kiasi, na macho yote yalikuwa kwangu.

Saa 4:30. Chai na chapati. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye meza yake imepakana na yangu, ananitazama kwa huruma. "Kaka, unajua wanakuitaje? Lakunle." Nikacheka kabla sijaumia. Kisha akaniuma kweli: "Hao hao kwangu wanatenganisha tashbiha na sitiari, taharuki wanaionyesha kwa kidole. Kwangu wanachambua, kwako wanatafsiri." Sikuwa na jibu. Nilimwomba daftari moja la somo lake nikaazime mifano.

Saa 6:00 mchana. Kidato cha nne, kipindi kimoja, maneno ya maswali. Kwenye jaribio la mwezi swali lilisema "Discuss", na mwanafunzi mmoja akaniandikia kuwa amejadiliana na wenzake wawili na wamekubaliana. Lile la "justify" lilisimuliwa hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho, bila hoja hata moja. Nawaambia: justify ni kama uko mbele ya mwenyekiti wa mtaa, umesema mbuzi ni wako, sasa toa ushahidi. Walielewa upesi mno, nikabaki najiuliza mbona nimesubiri kidato cha nne kuwaambia.

Saa 8:30. Makande. Hayana hadithi.

Saa 11:00 jioni. Daladala, nimesimama, madaftari 58 kwenye mfuko wa sandarusi. Konda ananiita "tichaa" na bado anadai nauli ya mzigo.

Saa 3:15 usiku. Nasahihisha. Swali: eleza irony moja katika tamthilia. Wengi wamemeza fasili yangu ya ubaoni neno kwa neno, pamoja na herufi niliyoikosea. Daftari la 30 ni la yule kijana wa nyuma. Neno lenyewe hakulitaja hata mara moja. Ameandika, kwa Kiingereza kilichovunjika kila kiungo, kwamba mwalimu wa kijijini ana maneno kuliko watu wote na Sidi anaolewa na mtu mwingine.

Mwongozo wangu wa usahihishaji unasema istilahi isipotajwa, alama mbili zinaondoka. Niliuandika mwenyewe, mwezi uliopita, kwa kujiamini. Nikampa nane kati ya kumi, nikatazama ile nane, nikaifanya tisa. Pembeni nikaanza kuandika "see me", na wino mwekundu ukakatika kwenye "m".