Hatari huchorwa kabla ya mkandarasi kufika

Wasanifu majengo wengi wanaziona kanuni za usalama kuwa kazi ya mkandarasi: kofia ngumu, buti, mkanda, basi. Nakataa. Hatari nyingi za saiti zimeshachorwa kabla fundi wa kwanza hajashika koleo.

Chukua paa la zege. Ukichora ukuta wa pembeni wenye sentimita 30, kila atakayepanda kuziba uvujaji au kufunga tangi atafanya kazi ukingoni bila kinga, miaka yote ya jengo. Ongeza kozi tatu au nne za tofali ufike mita 1.1, na hatahitaji kamba. Matundu ya mabomba kwenye slabu nayo hufunikwa kwa plaiwudi. Mtu huibeba akitaka ubao, asijue chini kuna shimo. Kubaliana na mhandisi nondo zipite katikati ya tundu, zikatwe siku fundi bomba anapoanza kazi. Gharama yake ni ndogo mno.

Na tofali je? La saruji lisilo na matundu, milimita 450 × 230 × 150, lina takriban kilo 31. Saidia fundi analinyanyua siku nzima kwa sababu tu msanifu aliandika "inchi sita". Uingereza, mwongozo ni kwamba tofali la zaidi ya kilo 20 lisinyanyuliwe mfululizo na mtu mmoja. Andika la matundu.

Huko Uingereza kanuni za mwaka 1994, na sasa za 2015, zinambana mchoraji mwenyewe: aondoe hatari inayotabirika, isiyoondoka aipunguze, na inayobaki awaarifu wajenzi. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imemwelemea zaidi mwajiri, na msanifu hujificha nyuma yake.

Wenzangu wanahofia kushtakiwa wakibeba jukumu hili, tena ada haiongezeki. Hofu hiyo naielewa. Lakini hofu ndiyo inayozaa mafaili manene yanayosema "vaa kofia", ambayo hakuna fundi anayeyafungua. Fundi anasoma mchoro. Basi onyo likae palepale kwenye mchoro wa msingi, likitaja jambo la saiti hiyo peke yake: "Msingi wa jirani unaishia mita 1.2 chini. Chimba vipande vyenye urefu usiozidi mita 1, jaza zege, ndipo uanze kingine."