Jinsi Nilivyoizuru Miji Midogo ya Marekani kwa Treni na kwa Miguu

Nimeishi Silver Spring, katika jimbo la Maryland, jirani na jiji la Washington, kwa miaka tisa sasa, na katika muda wote huo sijawahi kushika usukani wa gari. Jicho langu la kushoto lina kasoro niliyozaliwa nayo, na ingawa huenda sheria ingeniruhusu kuendesha, mimi mwenyewe sikuwahi kujiamini kiasi hicho. Ndani ya jiji jambo hili halinisumbui, kwa kuwa mabasi yapo na treni zipo. Tabu ilianza nilipotamani kutoka, maana kila niliyemweleza kwamba nataka kuiona miji midogo ya nchi hii alinijibu kwa swali lile lile: utakwenda na nini? Rafiki yangu mmoja Mkenya, mtu wa mizaha, aliniambia kwamba hapa Marekani mtu akionekana anatembea kando ya barabara kuu hudhaniwa kwamba gari lake limeharibika.

Safari yangu ya kwanza ilinionyesha kwamba hakuwa akitania sana. Niliuchagua mji mmoja wa Virginia kwa kutazama picha tu: barabara ya maduka ya matofali mekundu, vyungu vya maua madirishani, mnara wa saa. Nikapanda basi la masafa marefu, na kwa kupenda bei nafuu nikaweka chumba katika hoteli ambayo anwani yake ilikuwa na jina la mji huo huo. Sikujua kwamba jina la mji halimaanishi mji wenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1956 iliyoanzisha ujenzi wa mtandao wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, hoteli nyingi, vituo vya mafuta na maduka makubwa vimehamia kwenye njia panda za barabara hizo, na kitovu cha zamani kikabaki peke yake kilomita kadhaa mbali. Hoteli yangu ilikuwa huko kwenye njia panda. Jioni ile nilitembea juu ya majani yaliyolowa, magari yakinipita kwa kasi upande mmoja na mtaro ukiwa upande wa pili, mpaka mzee mmoja aliposimamisha pikapu yake akaniuliza kama gari langu limeharibika. Nilimjibu kwamba sina gari, natembea tu. Alinitazama kwa huruma, akanifungulia mlango, akanifikisha hotelini bila kuniuliza neno jingine.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeona maduka ya matofali mekundu kwa muda wa saa mbili tu, lakini nilikuwa na jambo la kufikiri. Nilikulia Korogwe, mji ulioneemeka kwa reli na mkonge, na mtoto wa Korogwe hahitaji kuelezwa kwamba stesheni na mji ni ndugu. Miji mingi ya zamani ya Marekani nayo ilijengwa hivyo hivyo, kabla gari halijaonekana duniani, kwa ajili ya watu walioshuka kwenye treni au kwenye boti na kwenda dukani, kanisani na kulala kwa miguu yao. Nyumba zake zimebanana, maduka yako chini na watu wanaishi juu. Kwa hiyo niliacha kuanza na picha nzuri, nikaanza na ramani ya reli. Nilitafuta mji ambao treni ya abiria bado inasimama, kisha nikachora kwenye karatasi duara la kilomita moja kuizunguka stesheni, nikauliza maswali manne tu: je, barabara ya maduka imo ndani ya duara? Mahali pa kulala? Mahali pa kula? Na je, kuna mto, kilima au jengo linalostahili safari? Likikosekana moja, niliuacha mji huo hata kama ungesifiwa vipi.

Mji wa kwanza kupita mtihani huo ulikuwa Harpers Ferry, katika ncha ya mashariki ya West Virginia, mahali ambapo mto Shenandoah unaingia katika mto Potomac. Wakazi wake hawafiki 300. Bahati yangu ni kwamba treni za wafanyakazi zitokazo Washington kuelekea huko husimama Silver Spring, karibu na ninapoishi. Kikwazo kilikuwa ratiba: treni hizo zimewekwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi jijini, hivyo asubuhi zinakwenda mjini, jioni zinarudi, na Jumamosi na Jumapili hazipo kabisa. Mtu anayetaka kwenda kutembea na kurudi siku hiyo hiyo hawezi. Nilikaa wiki nzima nikiitazama ratiba ile kama mtu anayetazama mlango uliofungwa, kisha nikaona kwamba jawabu ni kulala huko. Niliomba ruhusa ya siku moja kazini, nikaondoka Alhamisi jioni pamoja na makarani waliokuwa wakisinzia, na nikapanga kurudi Jumamosi kwa treni ya masafa marefu ya kampuni ya Amtrak itokayo Chicago, ambayo husimama Harpers Ferry na baadaye Rockville, ambako ningechukua treni ya jiji. Njia ile ya jiji imepinda kama kiatu cha farasi, hivyo kutoka Rockville inabidi ushuke hadi katikati ya Washington ndipo upande tena Silver Spring; ni mzunguko mrefu, lakini hauhitaji gari.

Treni inapokaribia Harpers Ferry huingia katika handaki lililotobolewa kwenye mlima upande wa Maryland, na mara tu inapotoka gizani inajikuta juu ya daraja, mto ukiwa chini, na mbele yake mji umepanda kilima kama ngazi. Kabla hujamaliza kushangaa, umeshafika stesheni. Wageni wengi hawaufikii mji kwa namna hiyo. Wao huacha magari katika maegesho ya hifadhi ya taifa yaliyo juu, nje ya mji, kisha huletwa chini kwa basi dogo, na jioni huondoka. Mimi nilishuka wakati wao wanaondoka. Mitaa ya chini, yaani Shenandoah, Potomac na High, ilikuwa imebaki kwa wenyeji wachache, kwa wapanda milima wenye mabegi mazito, na kwangu. Hapo ndipo nilipoacha kuilaumu ratiba ya treni.

Chumba changu kilikuwa juu ya kilima, ndani ya duara langu la kilomita moja, lakini duara la kwenye karatasi halionyeshi mwinuko. Niliupanda mtaa wa High na begi la magurudumu ambalo magurudumu yake hayakunisaidia kitu, na nilipofika juu shati lilikuwa limeloa. Tangu siku hiyo nasafiri na mkoba wa mgongoni tu, tena mwepesi.

Asubuhi nilishuka tena hadi kwenye jengo dogo la matofali lililokuwa nyumba ya mashine za kuzimia moto. Mwezi Oktoba mwaka 1859, John Brown na watu wake 21, watano kati yao wakiwa weusi, waliliteka ghala la silaha la serikali mjini hapo kwa nia ya kuanzisha vita vya kuwakomboa watumwa, na mwishowe walizingirwa ndani ya jengo hilo. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba mwaka huo. Nilijua habari hizo tangu zamani. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtu wa kwanza kuuawa katika uvamizi ule, Heyward Shepherd, alikuwa mtu mweusi huru aliyefanya kazi ya mizigo kwenye reli ile ile iliyonileta mimi. Nilikaa kwenye benchi kwa muda nikilifikiria jambo hilo. Jengo lenyewe nalo limesafiri kuliko wasafiri wengi, maana lilibomolewa likapelekwa Chicago kwa maonyesho ya mwaka 1893, likarudishwa, likahamishwa tena zaidi ya mara moja, na sasa limesimama hatua chache tu kutoka mahali lilipokuwa mwanzo.

Wakati jengo hilo lilipokuwa limewekwa shambani, nje ya mji, wajumbe wa harakati ya Niagara, iliyodai haki za Wamarekani weusi, wakiwa na kiongozi wao W. E. B. Du Bois, walifanya mkutano wao Harpers Ferry mwezi Agosti mwaka 1906, na alfajiri ya siku moja wakavua viatu wakatembea peku hadi kwenye jengo hilo kwa heshima. Mkutano ulifanyika katika chuo cha Storer, kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani na kufungwa mwaka 1955. Majengo yake yapo juu ya kilima, na kutoka chumbani kwangu hayakuwa mbali. Nilikwenda, ingawa mimi viatu sikuvua. Du Bois, kama tunavyojua, alimalizia maisha yake Accra mwaka 1963, na nikiwa kwenye uwanja ule wenye majani niliona kwamba umbali kati ya huku na kwetu ni mfupi kuliko nilivyokuwa nikidhani.

Mchana nilivuka daraja la miguu lililounganishwa na daraja la reli, ambalo pia ni sehemu ya njia ya wapanda milima ya Appalachian, ile ya kilomita zaidi ya 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Upande wa pili nilipanda njia ya Maryland Heights, kama kilomita 7 kwenda na kurudi, na kutoka kwenye jabali lake nikauona mji wote pale mito inapokutana. Thomas Jefferson, aliyepita hapo mwaka 1783 kabla hajawa rais wa Marekani, aliandika kwamba mandhari ile peke yake inastahili mtu kuivuka Atlantiki. Mimi niliyeivuka kweli naona alikuwa na haki, ingawa yeye alikuwa akitazama kutoka kwenye jiwe lililo upande wa mji, na jabali la Maryland linalishinda jiwe lake.

Mji wa pili ulikuwa Staunton, katika bonde la Shenandoah, Virginia, ambao wenyeji hulitamka jina lake kana kwamba herufi ya u haimo. Ni mkubwa zaidi, wenye watu takriban 25,000, na treni iendayo huko kutoka Washington hupita siku tatu tu kwa wiki: Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Siku za kurudi nazo ni hizo hizo. Nilipoiona ratiba hiyo sikufadhaika tena, nilihesabu vidole: kwenda Ijumaa, kurudi Jumapili. Stesheni iko bondeni, na ukitembea dakika tano unafika mtaa wa Beverley wenye maduka na migahawa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havikuuharibu mji huu, ndiyo maana mitaa yake ya karne ya 19 ingali imesimama. Nilizuru nyumba alimozaliwa rais Woodrow Wilson mwaka 1856, yule aliyeipigania Jumuiya ya Mataifa, ambayo chini yake Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Waingereza. Ni ajabu kusimama katika chumba kidogo cha kitoto na kuwaza hayo. Usiku nilikwenda katika ukumbi wa Blackfriars, uliofunguliwa mwaka 2001 kwa kuiga ukumbi wa ndani wa enzi za Shakespeare. Taa haziwazimikii watazamaji, kila mtu anamwona mwenzake, na waigizaji huzungumza nawe usoni. Baada ya mchezo nilirudi chumbani kwa miguu saa tano usiku, jambo ambalo katika mji wenye hoteli kwenye njia panda nisingethubutu.

Chakula kilinishughulisha kuliko njia. Katika miji hii jiko la mgahawa huweza kufungwa saa mbili usiku, na siku za Jumatatu na Jumanne milango mingi haifunguliwi kabisa, kwa hiyo sasa hubeba mkate, njugu na matunda ya kunitosha mlo mmoja. Kuhusu watu, nilikuwa na wasiwasi wa mgeni mweusi anayetembea peke yake mahali ambapo hajulikani, na sitasema kwamba hakuna aliyenitazama mara mbili. Nilichofanya ni kile nilichofunzwa nyumbani: kusalimia kwanza, kwa sauti inayosikika, kabla ya macho kuanza kuulizana. Bibi mmoja wa Staunton niliyemsalimia akimwagilia maua aliishia kunieleza njia ya mkato ya ngazi iliyoniondolea kilima kizima.

Sasa karatasi iliyo mezani kwangu ina duara la mji wa Hermann, Missouri, uliojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1830 kando ya mto Missouri. Treni kati ya St. Louis na Kansas City husimama hapo, barabara ya maduka imo ndani ya duara, na daraja la mto lina njia ya waendao kwa miguu. Maswali matatu kati ya manne yamejibiwa. Nimeandikia nyumba moja ya wageni kuuliza kama chumba chao kiko huku mjini au kule barabara kuu, nami nasubiri jibu kabla ya kukata tiketi.