Mgebuka Mkononi mwa Mvuvi

Treni iliondoka Tabora usiku, ikapita Urambo na Kaliua abiria wengi wakiwa wamelala, na ilikuwa asubuhi, tulipoukaribia mto Malagarasi, ndipo nilipouona vizuri mkono wa kijana aliyeketi mbele yangu. Kuanzia kifundo hadi kiwiko ulijaa mawimbi meusi, na kila alipogeuza mkono kuchukua kikombe cha chai, mawimbi yalisogea. Nilimsifu, kisha nikamwambia kwamba mimi mwenyewe sitachorwa tatuu kamwe. "Hiyo ni hiari ya mtu, mama," alijibu kwa upole, akaniambia kwamba yeye ni mchoraji wa tatuu Mwanga, Kigoma, nami nikiwa na nafasi nipite nimwone akiwa kazini.

Nilikwenda kesho yake. Kwenye kiti alikuwa mvuvi wa Kibirizi aliyetaka achorwe mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Kijana alivaa glavu, akafungua sindano mpya mbele ya mteja wake, akanyoa vinyweleo na kubandika karatasi iliyoacha mistari ya zambarau, kisha akaivuta ngozi kwa mkono wa kushoto kama mshonaji anavyonyoosha kitambaa chini ya cherehani.

Mashine ya umeme ya kuchorea tatuu Samuel O'Reilly aliisajili kwa hataza huko New York mwaka 1891, akiwa ameibuni kutokana na kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Sindano huingia milimita moja hadi mbili tu, lakini hapo wino humezwa na chembe za kinga za mwili, nazo zikifa, nyingine huumeza tena, ndiyo maana mchoro hudumu.

Kilichonishangaza zaidi ni namna alivyoupata mng'ao wa samaki bila kutumia rangi nyeupe. Alinieleza kwamba kwenye ngozi nyeusi rangi hafifu hufifia, kwa hiyo yeye hutia kivuli pembeni na kuiacha ngozi yenyewe iwe mwanga. Ubavu wa yule mgebuka ulikuwa ngozi tupu ya mvuvi, haukuguswa hata kidogo, lakini ulimetameta. Mvuvi alipokunja ngumi, mkia ukapinda. Nilisimama pale zaidi ya saa mbili bila kuhisi miguu.

Kijana hakuniuliza kwa nini sitaki, ila nilimwambia. Bibi yangu, aliyezeekea Tabora, alikuwa na tojo usoni, nami utotoni nilipenda kuzipapasa. Aliwahi kuniambia kwamba siku alipochanjwa hakuna aliyemuuliza. Tangu hapo naamini kwamba alama ya mwilini yafaa itakwe na mwenye mwili kwa moyo wote, nami nimeutafuta moyoni mwangu utashi huo na sijauona. Mvuvi alikuwa nao. Ulionekana katika jinsi alivyokuwa akiutazama mkono wake.

Mwishoni kijana alimfunga mkono na kumwagiza asiuingize ziwani kwa majuma mawili au zaidi, hadi kidonda kipone. Asubuhi iliyofuata nilishuka Kibirizi kununua dagaa, nikamkuta ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, akiwatazama wenzake wakishusha samaki. Aliponiona aliunyanyua juu mkono uliofungwa.