Benchi lililogeuka karai

Mama mkwe ndiye aliyelikalia wa kwanza baada ya mvua, na ndiye aliyeinuka na doa la kutu nyuma ya leso yake. Lilikuwa doa la mviringo kabisa, sawa na kichwa cha msumari. Hakusema kitu. Aliivuta leso mbele, akalitazama doa, kisha akanitazama mimi. Nafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na mbili sasa, ufahamu wa kimya ninao.

Lile benchi nilikuwa nimelitengeneza wiki ya kwanza ya Januari 2024, shule hazijafunguliwa. Nyuma ya nyumba yetu hapa Kahawa West, Nairobi, kuna kijiua chenye mparachichi mmoja na tangi la maji, na kwa miaka yote tuliyokaa hapa wageni wetu wamekuwa wakikalia kreti za soda. Nikasema basi. Msumeno ninao, nyundo ninayo, mbao ziko soko la Gikomba. Kuna ugumu gani?

Kule Gikomba nilichagua mbao sita za inchi sita kwa moja, futi nane kila moja, na mbili kwa nne za miguu. Niliushika mmoja nikahisi ubaridi, kama ukuta wa bafu. Nikamuuliza muuzaji kama zimekauka. "Madam, hii imetoka Mafinga kule Tanzania," akaniambia. "Imekauka njiani." Nikacheka, nikalipa, tukapakia. Nilipoanza kukata nyumbani, unga wa mbao haukurushwa na upepo. Uliganda kwenye meno ya msumeno kama ugali usioiva, na kila baada ya dakika mbili nilikuwa nasimama kuukwangua kwa kijiti. Ubao wenyewe ulikuwa unaniambia. Mimi nikadhani msumeno ni butu.

Nilizibana mbao za kukalia zikagusana kabisa, hata kadi ya simu isingepita katikati, nikatia gundi nyeupe kila kiungo na kugongelea misumari ya kawaida ya inchi tatu. Kisha vanishi juu, mara mbili. Chini sikupaka, kwani nani ataona chini? Liling'aa. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la walimu wenzangu, na mmoja akaniuliza bei.

Kufikia mwisho wa Februari benchi lilikuwa limebadilika sura bila mtu kuligusa. Kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi ya kupitisha penseli. Niliupima ubao mmoja: ulikuwa umepungua upana karibu robo inchi, lakini urefu ulikuwa ule ule. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilikuwa nadhani mti ukinywea unanywea wote, kama nguo iliyofuliwa kwa maji moto. Juu ya hayo, mbao tatu zilikuwa zimeinua kingo na kubonyea katikati kwa urefu wake wote, kama mifereji.

Fundi mmoja wa mtaa wetu, mzee ambaye hutengeneza vitanda kando ya barabara, alipita kuchukua ngazi yake. Akalitazama benchi, akachukua kikombe changu cha chai na kumimina kidogo juu ya ubao. Chai ikatulia pale pale.

"Mwalimu," akasema, "hili si benchi. Ni karai."

Kisha akachuchumaa kwenye ncha ya ubao akaniita nione. Ukiutazama ubao pale ulipokatwa, unaona pete za mti, zile zinazozunguka moyo, lakini kwa kuwa ni ubao unaona vipande vyake tu, vimepinda kama nyusi. Akazipitisha kalamu zionekane vizuri. Pete hizo, akasema, ubao ukikauka hutaka kunyooka. Zangu zilikuwa zimekaa kama upinde wa mvua, mgongo juu. Zikinyooka, kingo zinapanda na katikati panazama. Ningeugeuza ubao ule ule, pete zikae kama bakuli, kingo zingeshuka, ubao ungefanya mgongo na maji yangeteremka yenyewe. Ilibidi anirudie mara mbili, maana inakwenda kinyume na macho: pete za bakuli hazizai bakuli. Niliwahi kuwafundisha watoto methali ya samaki mkunje angali mbichi bila kujua kuwa mbao hujikunja zenyewe.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nisubiri mvua, mvua itanionyesha mengine. Nikadhani ananitania.

Aprili ile kila aliyekuwa Nairobi anaikumbuka. Mathare watu walipoteza nyumba, na wengine walipoteza jamaa zao, kwa hiyo naona haya kusimama hapa nikililia benchi. Lakini shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko, nikawa nyumbani, na kila asubuhi nililitazama likifa kutoka dirisha la jikoni. Vanishi ilianza kwa vipovu vidogo karibu na misumari, ikapauka, halafu ikainuka kwa vipande kama ganda la kitunguu. Maji yalikuwa yanaingilia chini, nilipoona uvivu kupaka, na yakitafuta njia ya kutokea yanakutana na vanishi juu. Gundi ilirudi kuwa nyeupe na laini, kama maziwa yaliyoganda. Misumari ikalia kutu. Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kututembelea.

Miguu ndiyo iliyoniuma zaidi, maana nilikuwa najivunia miguu. Niliifukia udongoni kidogo ili benchi lisiyumbe. Mti ule ulipokuwa hai kazi yake ilikuwa kupandisha maji, na ubao hausahau: pale ulipokatwa pamejaa vijishimo vya kunyonyea, kama mafungu ya mirija. Nilikuwa nimeisimamisha mirija minne kwenye tope. Nilipoling'oa Juni, vidole vyangu viliingia ndani ya mguu mmoja kama mkate uliolowa, na mchwa walikuwa wameshahamia. Jirani akanishauri nipake oili chafu ya gari, ndiyo dawa ya mchwa. Kwa nguzo ya ua, labda. Kwa kitu ambacho mtoto atakikalia na sare ya shule, hapana.

La pili nililianza likizo ya Agosti. Sikulijenga, nilinunua mbao tu. Safari hii nilikuwa nainua mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono, na kuacha iliyo nzito. Muuzaji alichoka na mimi. Kule nyumbani nilizipanga chini ya paa la varanda, nikiweka vijiti kati ya safu na safu hewa ipite, na mawe mawili juu ili zisipinde. Zikakaa hivyo hadi Novemba. Mume wangu aliziita maiti. "Maiti zako zitazikwa lini?" alikuwa akiuliza akijikwaa.

Kuzijenga kulichukua siku mbili tu. Pete niliziangalia moja moja, na kila ubao niliuandikia kwa chaki neno JUU, kama mtu anayeogopa kujidanganya. Kati ya mbao niliacha nafasi ya unene wa msumari wa inchi sita. Unauchomeka katikati, unakaza skrubu, unauchomoa. Skrubu ni zile zilizochovywa zinki, na kila moja nilitangulia kuitobolea tundu kwa drili ya kuazima. Kila moja isipokuwa ya mwisho. Giza lilikuwa linaingia, nikaikaza hivyo hivyo, na ncha ya ubao ikapasuka kwa sauti ambayo nusura nitukane mbele ya watoto. Ufa upo hadi leo, upande wa kushoto. Kiti kinainama kidogo kuelekea nyuma, miguu imesimama juu ya vipande vya mawe ya kujengea, na nyayo za miguu nilizinywesha mafuta mpaka zikakataa.

Hayo mafuta ni ya kitani, yale ambayo dukani huitwa linsidi. Hayang'ai kama vanishi, ila hayabanduki, na yakififia unapaka tena bila kukwangua. Ila ukitumia kitambaa kuyapakia, usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Kikijikunja kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto. Kitandaze nje kikauke. Changu nilikianika kwenye kamba kati ya soksi, soksi zikanuka wiki nzima.

Kile kiti cha benchi la kwanza sikukitupa. Nilikilaza chini ya bomba la tangi nikakijaza udongo, na miche ya sukuma wiki imestawi humo kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiwanja, kwa sababu kinashika maji vizuri mno.

Mama mkwe alikuja tena Desemba. Kulikuwa kumenyesha usiku. Alilizunguka benchi jipya, akapapasa ubao kwa kiganja, akakitazama kiganja mbele na nyuma. Kisha akaomba gazeti, akalitandika, akakaa.