Nilivyouza pori la marehemu baba Itonjanda

Mkataba wa kujenga reli ya SGR kutoka Makutupora hadi Tabora uliposainiwa Desemba 2021, kila mwenye pori huku kwetu alianza kutaja bei ya reli. Na mimi nilikuwemo. Baba alituachia ekari tatu Itonjanda, hapa Tabora, miombo na vichuguu vitupu. Mahakama ya mwanzo ilishaniteua msimamizi wa mirathi, nikaona kilichobaki ni mteja tu.

Dalali akaleta watu mara nne, wote wakapotea. Kumbe alikuwa anaongeza cha juu kizito kwenye bei yangu, kiwe chake, bila kuniambia. Wa tano alikuja mwenyewe, mwalimu wa kike. Akauliza, "Kaka, mpaka uko wapi?" Nikanyoosha mkono kwenye minyaa. Akasema, "Minyaa inahamishwa," akapanda bodaboda yake.

Nilikaa na neno lile wiki nzima. Mdogo wangu akauza pikipiki, tukaita wapimaji wenye leseni. Siku ya kuonyesha mipaka nilimfuata jirani yetu mzee: "Shikamoo baba mkubwa, twende ukanionyeshe." Alitembea polepole na fimbo yake hadi kwenye mwembe, akasema baba na yeye walikubaliana pale. Majirani wote wakasaini, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Wapimaji walipoligawa pori, barabara zilikula eneo, tukapata viwanja 14. Iliniuma, lakini kiwanja kisicho na njia hakiuziki.

Halafu nikasubiri. Wakati wa njaa hakuna anayenunua ardhi Tabora; hela inaonekana wakulima wakishalipwa tumbaku. Kwenye WhatsApp niliweka video nikitembea kutoka barabara ya changarawe hadi kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka la wapimaji, namba yake ikisomeka. Bei moja kwa wote, awamu tatu ndani ya miezi sita, mkataba mbele ya wakili.

Yule mwalimu nilimpigia mwenyewe. Alikuja masika, mvua imenyesha usiku kucha. Nikafyeka nyasi kwa panga, bikoni ikatokea. Akainama, akaifuta tope kwa kidole, akalinganisha namba na ile ya kwenye ramani. Kisha akauliza maji yanaelekea wapi. Nikampeleka bondeni, nikamwonyesha viwanja viwili vilivyojaa maji hadi kifundo cha mguu.

Alichukua kiwanja cha upande wa juu, karibu na mwembe. Vile viwili vya bondeni nimekataa kuviuza. Mwaka huu nimepanda mpunga.