Ndani ya Kamba ya Manjano, Chwaka

Siku tatu nilizokaa Chwaka, Unguja, mbili sina la kusimulia zaidi ya chumba chenye joto na bei ya kunyonga. Ya tatu ilikuwa bamvua. Maji yalikupwa mbali kabisa, na bibi mmoja, baada ya shikamoo na maneno mawili matatu, akanikubalia nimfuate kutafuta kombe, wale viumbe wa magamba wanaojificha topeni.

Ana ndoo na kipande cha nondo kilichopindwa ncha. Anakwenda ameinama, macho kwenye tope, akitafuta vitundu viwili vilivyokaribiana. Akiviona anachoma nondo, anainua, kombe huyo.

Tukafika penye kamba ya manjano. Ndani yake miche ya mkoko imechomekwa safu kwa safu, mamia.

“Hapa ndipo walipokuwa kombe wanene,” akasema. “Wamekuja na basi, wametia miti, wamepiga picha. Sisi tumeambiwa tusikanyage.”

Akainama, akashika mche mmoja ng’ambo ya kamba. Majani yamepukutika yote, kijiti kimeganda vigamba vyeupe toka chini hadi juu.

“Mkoko hautaki hapa, mwanangu. Maji yanaufunika mno. Mbele huku, upande wa bahari, ni pa mlilana, mti mwingine wa jamii hiyo hiyo, nao hujiotea wenyewe. Mkoko hukaa nyuma yake.”

Mikoko naitaka, tena sana. Ghuba hii imekatwa miaka mingi kwa boriti, kuni na kuchomea chokaa, na humo mizizini ndimo kaa na samaki wachanga hukulia. Lakini palipokatwa ni kule nyuma. Tope hili la wazi lilikuwa shamba la wanawake, na hakuna aliyewauliza.

Nilikosa la kumjibu. Mwaka jana, kwetu Kigombe, Tanga, nami nilichomeka miche kama ile, kwenye tope la wazi vilevile. Nikapokea posho, nikala pilau, nikarudi nyumbani nimefurahi. Mama yangu mdogo huokota chaza ufukweni pale pale.

Daladala ya mwisho ilinikimbia, nikakodi teksi kwa pesa iliyoniuma hadi mjini. Usiku nikampigia simu mama mdogo, nikamuuliza siku hizi anapita wapi.

“Nazunguka,” akasema. “Nikifika, maji yameshaanza kujaa.”