Saa za maji kupwa na kujaa: kumbukumbu ya mradi, zamu ya vivinjari

Kwa mgeni wa mradi: ukurasa huu unaonyesha saa za maji kupwa na kujaa pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Paje hadi Jambiani. Wasomaji wake wakubwa ni kina mama wa mwani, wanaoingia shambani siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yakishakauka. Namba zilishakaa sawa. Kilichobaki ni ukurasa usomeke vilevile kwenye kila simu.

Jumamosi

Kwenye kompyuta, vivinjari vya Chrome na Firefox vyote vinapanga kadi za siku vizuri, jina la maji upande huu na saa upande ule. Nikamtumia shangazi kiungo. Yeye ni mtu wa Opera Mini, kivinjari kinachombania bando, na wala hafikirii kukiacha. Akapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sasa hizi saa mbona zimeshuka zote chini? Ya kupwa ni ipi?"

Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana kabisa, simu haiujengi ukurasa. Seva, yaani kompyuta ya Opera iliyo mbali, ndiyo inayoujenga, kisha inautuma ukiwa umeshabanwa, na huko CSS Grid, njia ya kupanga vipande vya ukurasa kwa mistari na safu, haipo. Grid iliingia Chrome, Firefox na Safari (kivinjari cha iPhone) mwezi mmoja, Machi 2017, ndiyo maana mafunzo mengi huichukulia kama kitu ambacho kila mtu anacho. Isipokuwepo, vipande vinashuka kimoja chini ya kingine kwa mfuatano wa msimbo.

Msingi sasa ni jedwali la kawaida, `table`, lililo rasmi tangu HTML 3.2 ya 1997. Kadi zimehamia ndani ya `@supports (display: grid)`, sharti linalokiuliza kivinjari kama kinaiweza grid: anayeziweza atazipata, asiyeziweza anasoma jedwali. Fonti ya kupakua nimeitoa pia, Opera Mini haiichukui.

Jumapili

Leo yote imeishia kwenye ile sehemu ya "zimebaki dakika 40 maji yaanze kujaa". Kwa simu ya shangazi, JavaScript, msimbo unaoupa ukurasa mwendo, inaendeshwa kwenye seva kwa sekunde chache tu, halafu ukurasa unatumwa ukiwa umeganda. `setInterval`, amri ya kurudia hesabu kila baada ya muda, haiendelei tena. Mtu akiufungua saa 3:45 asubuhi, akaitia simu mkobani na kuingia majini, saa 4:30 bado anaambiwa zimebaki dakika 40, na maji yameshageuka!

Rafiki yangu alishauri niiache kwa simu zinazoiweza. Sikukubali. Kina mama wawili wa shamba moja wakilinganisha simu, lazima wasome kitu kimoja. Rangi na kona za kadi zitofautiane zitakavyo, ila saa hapana. Nimeiondoa kwa wote, na mahali pake pana maandishi makubwa: *Maji yanaanza kujaa saa 4:25 asubuhi.*

Jumanne

Madogo madogo ya iPhone. Tarehe iliyoandikwa `2025-03-05 10:25`, yenye nafasi katikati, Chrome inaisoma, lakini Safari za zamani zinarudisha "Invalid Date". Ukiweka T badala ya nafasi, zote zinaelewa. Hata hivyo nimeona bora kazi hiyo isifanyike kwenye simu kabisa: kupunguza saa sita ili ipatikane saa yetu, na kuandika majina ya miezi, vyote vinafanyika kwangu kabla ya kupandisha faili.

`gap` (nafasi kati ya vipande) ndani ya flexbox, njia nyingine ya kupanga vipande, ina mtego. Safari kabla ya 14.1 ya 2021 haiijui, lakini ukiiuliza kwa `@supports` inajibu ndiyo, kwa kuwa inaijua ile ya grid. Nimetumia `margin`, nafasi inayowekwa pembeni mwa kila kipande.

Orodha ya kuchagua kijiji nimeipa herufi za pikseli 16. Chini ya hapo, iPhone inaukuza ukurasa wote ukiigusa. Na kupima kwa Chrome ya iPhone hakuongezi kitu, maana kwa huku kwetu ndani yake ni WebKit, injini ileile ya Safari.

Vitufe bado vina sura tofauti kwa iPhone na Android. Nimeviacha hivyohivyo.

Wiki ijayo ni `@media print`, sura ya ukurasa unapochapishwa. Mnunuzi mmoja wa mwani anataka jedwali la wiki nzima kwenye karatasi moja, alibandike kwenye mlango wa ghala.